Matangazo ya Mubashara Yanapokwama: Tuanzie Wapi?

Mhadhara unarushwa mubashara, na wenzetu walio mbali wanaufuata kwa bando walilojinunulia. Ghafla picha inaganda. Kauli ya kwanza huwa: "Mtandao mbovu." Hiyo ni hukumu iliyotangulia ushahidi.

Video hupita vituo vinne: kompyuta inayoichukua na kuibana, njia ya kupakia, seva, kisha simu ya mtazamaji. Kagua kimoja baada ya kingine.

1. Kompyuta. Rekodi video hiyo kwenye diski kwa mipangilio ileile, bila kuirusha. Rekodi nayo ikirukaruka, mtandao hauna kosa, kompyuta imelemewa. Programu ya OBS Studio huhesabu kando fremu zilizopotea mtandaoni na zile zilizoishinda kompyuta. Soma hesabu hiyo kwanza.

2. Njia ya kupakia. Pima kasi ya kupakia, si ya kupakua, ukiwa ukumbini penyewe. Video ya kilobiti 2,500 kwa sekunde pamoja na sauti ya kilobiti 128 huhitaji zaidi ya megabiti 2.6. Ukiwa na megabiti 3 tu, uko ukingoni: shusha video hadi 1,500. Ikiwezekana, tumia waya badala ya Wi-Fi. Matangazo yasipounganika kabisa, shuku ukuta wa ulinzi: RTMP kwa kawaida hutumia lango namba 1935, ambalo huenda limefungwa. Jaribu kwa data ya simu. Yakiunganika, umempata mhusika.

3. Seva na mtazamaji. Fungua matangazo kwa simu mbili zenye mitandao tofauti. Ikikwama moja, tatizo liko upande wake. Zikikwama zote kwa wakati mmoja, rudi nyuma kwenye seva au njia ya kupakia. Kuchelewa pekee si hitilafu. HLS huikata video vipande, na Apple hupendekeza sekunde 6 kwa kila kipande. Simu ikiweka akiba ya vipande vitatu, tayari ni sekunde 18.

Badilisha jambo moja tu kila unapojaribu, na uandike matokeo. Ukibadilisha matatu kwa pamoja, hutajua lililoponya.

Njia ikiwa finyu kupita kiasi, punguza picha uilinde sauti. Aliyeikosa sura ya mhadhiri bado amepata somo. Aliyeikosa sauti ametoka mikono mitupu, na bando limekwisha.