Doksisaiklini na Kipindupindu: Maji Kwanza, Kidonge Baadaye

Kipindupindu si mgeni mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Familia nyingi huteka maji moja kwa moja katika Ziwa Kivu. Mwamba wa lava hufanya kuchimba choo kuwa kazi ngumu, na mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021 uliharibu sehemu ya mabomba ya mji. Katika mazingira hayo, antibiotiki inayoitwa doksisaiklini, ambayo kwenye sanduku huandikwa Doxycycline, inajulikana na wengi. Ni dawa nzuri na ya bei nafuu. Lakini huponya inapotumiwa mahali pake, kwa agizo la daktari au muuguzi, na kamwe haichukui nafasi ya maji.

Inatibu nini?

Dawa hii huzuia bakteria kutengeneza protini, nao hushindwa kuongezeka. Mbali na kipindupindu, huandikwa kwa klamidia, baadhi ya maambukizi ya mapafu, chunusi sugu, na bruselosi, ugonjwa unaoweza kumpata mtu kwa kunywa maziwa mabichi. Kwa klamidia, mtu mzima humeza mg 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7, na mwenzi wake hutibiwa pia.

Haiwezi kitu mbele ya virusi, kwa hiyo usiimeze kwa ajili ya mafua. Wasafiri hupewa ili kujikinga na malaria, lakini anayeugua malaria haponi kwa dawa hii peke yake. Apimwe, kisha apewe dawa mseto.

Mgonjwa wa kipindupindu apewe nini kwanza?

Kinachoua katika kipindupindu ni kuishiwa maji na chumvi mwilini, na mtu mwenye nguvu asubuhi anaweza kufariki kabla ya jioni. Akirudishiwa maji mapema na ipasavyo, hatari ya kifo hushuka chini ya mgonjwa 1 kati ya 100.

Kwa hiyo anza nyumbani. Koroga pakiti moja ya SRO (chumvi ya kunywa ya kurudisha maji mwilini) katika lita 1 ya maji safi, umnyweshe kidogo kidogo bila kuacha. Pakiti ikikosekana, tia katika lita 1 vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Huku ukimnywesha, mpeleke kituo cha afya. Aliyelegea kabisa atatundikiwa serumu huko.

Doksisaiklini hufuata baada ya hapo, kutapika kukishatulia, kwa mgonjwa aliyepungukiwa sana na maji au anayeendelea kuhara kwa wingi. Hupunguza kuhara na kufupisha muda wa kutoa vimelea. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni mg 300, yaani kapsuli 3 za mg 100, kwa mara moja tu. Ya mtoto hukadiriwa kwa uzito wake, na hiyo ni kazi ya mhudumu wa afya.

Julai 1994 ilitufundisha nini?

Wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu katika siku chache. Kipindupindu kilizuka, kisha kikafuatwa na kuhara damu, na watu wapatao 50,000 wanakadiriwa kufariki katika mwezi wa kwanza. Vimelea vya kipindupindu vilivyopimwa wakati huo vilikuwa sugu kwa tetrasaiklini na doksisaiklini. Wagonjwa hawakuweza kutegemea vidonge hivyo; aliyenusurika alinusurishwa na maji ya chumvi na serumu.

Usugu huongezeka kila antibiotiki inapotumiwa ovyo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halipendekezi kugawia mtaa mzima au kambi nzima antibiotiki ili kuzuia kipindupindu. Maabara ikionyesha usugu, daktari anaweza kuchagua nyingine, kama azithromisini.

Namna ya kumeza

Meza ukiwa umeketi wima au umesimama, kwa glasi nzima ya maji safi, na usilale kwa angalau nusu saa. Kapsuli ikikwama kooni huchoma na kuacha kidonda. Ikikuchafua tumbo, imeze pamoja na chakula. Tenganisha kwa saa 2 au zaidi na maziwa, jibini, vidonge vya kiungulia, madini ya chuma na zinki, kwa sababu hivyo huipunguzia dawa nguvu. Kama umeandikiwa siku kadhaa, zimalize hata ukijisikia nafuu.

Madhara ya kuangalia

Kichefuchefu, kuumwa tumbo na kuhara kidogo hutokea mara nyingi, na wanawake wengine hupata fangasi ukeni. Ngozi pia huungua upesi juani. Goma iko karibu na ikweta, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,500, kwa hiyo anayeuza sokoni au kusukuma chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) ajifunike kwa kofia na mikono mirefu.

Rudi hospitali mara moja ukiona uso au midomo imevimba, unapumua kwa shida, una vipele vyenye malengelenge, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, kumeza kunauma, au unahara damu.

Mwambie daktari kabla ya kumeza

Sema kama una mimba, unanyonyesha, una ugonjwa wa ini, au uliwahi kudhurika na dawa za jamii ya tetrasaiklini. Taja pia dawa za kifua kikuu, za kifafa na za kuzuia damu kuganda. Kwa watoto wa chini ya miaka 8, matumizi ya siku nyingi huweza kuacha madoa ya kudumu kwenye meno. Hata hivyo, dozi moja ya kipindupindu inakubaliwa na wataalamu hata kwa watoto na wajawazito, mhudumu akiona inahitajika.

Kabla ya kununua

Nunua kwenye famasi inayotambuliwa, ukiwa na karatasi ya daktari. Soma jina, kipimo na tarehe ya mwisho. Iliyopita tarehe usiimeze, kwani tetrasaiklini zilizoharibika zimewahi kudhuru figo. Usigawane dozi na jirani, wala usiweke mabaki kwa ajili ya ugonjwa ujao.

Akiba inayofaa nyumbani ni pakiti mbili tatu za SRO, sabuni, na maji ya kunywa yaliyotiwa klorini au kuchemshwa. Mtu akianza kuhara maji maji kwa wingi, fungua SRO kwanza, kisha shika njia ya kituo cha afya.