SOMO: Siri ambayo mwanafunzi asiibebe peke yake



Watoto wa Goma na kandokando yake wamepita mengi. Mwezi wa Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini na shule zikafungwa. Februari, kambi kama Bulengo na Lushagala zikavunjwa, na familia zilizokuwemo zikahama tena. Mtoto aliyepita hayo anaweza kukaa darasani huku mawazo yako mbali. Mara nyingi hamwambii mwalimu wala mzazi. Anamwambia rafiki yake.

Ndiyo maana ni vema shule iandae wanafunzi wachache wa kuwasaidia wenzao. Lakini tukiwaandaa vibaya, tunawatwisha mzigo usio wao.

1. Tuwachague nani?

Tusichukue wale wa kwanza darasani tu. Kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi majina mawili ya wenzake ambao angewaendea akiwa na taabu. Majina yanayorudi mara nyingi ndiyo ya kuanzia. Kisha tuangalie: wasichana na wavulana wapo? Waliohama na wenyeji wapo? Je, kabila moja limechukua nafasi zote? Anayechaguliwa akubali kwa hiari, na wazazi wake wakubali pia.

2. Wafundishwe nini?

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza kwa wenye majeraha ya moyo. Una hatua tatu ambazo hata kijana anaweza kuzishika.

Tazama. Nani amejitenga? Nani analia, anagombana ovyo, au anasinzia darasani kwa sababu halali usiku?

Sikiliza. Kaa naye mahali patulivu. Usimlazimishe kusimulia aliyoyaona vitani. Kumchokonoa kunaweza kumuumiza tena. Usimwambie «sahau» wala «wengine wamepata mabaya zaidi». Usiahidi usichoweza.

Unganisha. Mfikishe kwa mtu mzima anayeaminika. Kiongozi wa wanafunzi si daktari.

Watoto wengi hupata nafuu taratibu wakirudia masomo na michezo, wakiwa karibu na watu wanaowapenda. Anayeendelea kuteseka kwa majuma mengi apelekwe kituo cha afya.

3. Siri ina mpaka

Tuchukue mfano. Msichana anamwambia kiongozi wake: «Niapie kwamba hutamwambia mtu.» Kiongozi akishaapa, amejifunga. Afundishwe kujibu hivi tangu mwanzo: «Sitatangaza mambo yako. Lakini maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, tutakwenda pamoja kwa mtu mzima.»

Mambo matatu hayafichwi: kutaka kujiua, kupigwa au kubakwa, na kutaka kumdhuru mwingine. Kumwuliza mtu waziwazi kama anafikiri kujiua hakumpi wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Asiachwe peke yake hata kidogo. Aliyebakwa afike kituo cha afya upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Habari yake iishie kwa wale wanaoweza kumsaidia, isizunguke shuleni.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuvunja siri ya namna hii si usaliti.

4. Kazi ya watu wazima

Shule iteue walimu wawili, mwanamke na mwanaume, wakutane na viongozi hao kila juma. Tukumbuke kwamba kiongozi naye ni mtoto. Huenda naye amehama, naye ana msiba wake. Aulizwe hali yake, na aruhusiwe kupumzika au kuacha kazi hii bila aibu. Kamati ya wazazi na viongozi wa mtaa wajue mapema ni kituo kipi kinapokea watoto, na nani atamsindikiza mtoto hata usiku.

Maswali ya kuzungumza pamoja

– Katika shule yetu, mtoto mwenye huzuni humwendea nani?
– Mtoto wetu akituletea siri nzito ya mwenzake, tutamkaripia au tutamsikiliza?
– Ni mtu gani mzima ambaye watoto wa kila kabila wanamwamini?

Jibuni maswali haya kabla ya kuchagua mwanafunzi hata mmoja. Pasipo mtu mzima wa kumpokea, kijana hana mahali pa kumpeleka mwenzake.