Haki Isipotelee Kwenye Makaratasi: Makosa Katika Kesi za Talaka na Matunzo



Tukitembelea vikundi, mara nyingi mkutano ukiisha na vitabu vya akiba vikifungwa, mama mmoja hubaki nyuma. Ana neno ambalo hakuweza kulisema mbele ya wenzake. Mzee ameondoka na hatumi kitu. Au vita nyumbani haviishi. Wengine walishaenda kortini wakarudi mikono mitupu. Tukitazama makaratasi yao, tunaona kwamba haki walikuwa nayo, lakini njia waliyoifuata ndiyo ilikuwa na makosa. Leo tujifunze makosa hayo.

Kwanza tuseme wazi: hatuwafundishi watu kuvunja ndoa. Mwanzo wa yote ni kupatana, kupitia wazee, jumuiya ndogo ndogo na padre. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2383, inakubali kwamba talaka ya serikali inaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani za kisheria, malezi ya watoto au urithi. Pia tukumbuke kwamba talaka ya korti haibatilishi ndoa mbele ya Kanisa, na hukumu ya mahakama ya Kanisa haivunji ndoa mbele ya serikali. Hizo ni njia mbili tofauti.

MFANO

Tumwite Mama Kanini. Kisa tumekitunga, lakini mambo yake tumeyaona mara nyingi. Alifunga ndoa kanisani. Mumewe alienda kufanya kazi Mombasa, na sasa miezi 14 imepita bila hata shilingi. Mama akaenda kwa kijana wa saiba, naye akamnakilia ombi la talaka la mtu mwingine na kubadilisha majina tu. Karatasi ikasema ndoa ni ya kimila, na kwamba mume alimwacha miaka 3 iliyopita. Juu ya matunzo haikusema lolote. Mama akampa shemeji yake samansi ampelekee ndugu yake. Miaka 2 baadaye, faili liko pale pale, na deni la dukani limeongezeka. Amekosea wapi?

KOSA LA 1: Kuomba kitu ambacho hukihitaji

Mama Kanini alitaka chakula na pesa za dawa. Talaka hakuitaka, ila aliambiwa kwamba bila talaka hawezi kupata matunzo. Si kweli! Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 77, inaruhusu korti kuamuru matunzo ikiwa mume au mke amekataa kumtunza mwenzake, au amemtoroka, hata kama hakuna talaka. Mume pia anaweza kuomba, maana sheria haikusema ni wanawake peke yao.

KOSA LA 2: Kuandika ndoa isiyo yako au sababu isiyo ya kweli

Sheria yetu inatambua ndoa za aina 5: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kila moja ina utaratibu wake. Kwa ndoa ya Kikristo, ukisema umetorokwa, ni lazima iwe angalau miaka 3 kabla ya kufungua kesi. Mama Kanini alikuwa na miezi 14 tu. Kumbe kulikuwa na sababu nyingine za kisheria, kama uzinzi, ukatili, au ndoa kuvunjika kabisa bila tumaini la kurekebishwa. Wakili angemsaidia kuchagua iliyo ya kweli. Kumbukeni ombi hufuatana na hati ya kiapo, ile watu wanaiita afidaviti. Ukiapa uongo, hata ule ukweli wako utatiliwa shaka. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

KOSA LA 3: Kutotaja matunzo, au kuchanganya mambo matatu

Hakimu huamua yale yaliyoombwa. Kama unataka matunzo, yaandikwe kwenye ombi. Wala usingoje hukumu ya mwisho, maana unaweza kuomba matunzo ya muda kesi ikiendelea. Halafu tenganisheni mambo haya:

(a) Matunzo ya mume au mke: Sheria ya Ndoa ya 2014.
(b) Matunzo ya watoto: Sheria ya Watoto ya 2022, katika Mahakama ya Watoto. Hapa hakuna haja ya talaka, wala si lazima wazazi wawe walioana.
(c) Mali ya ndoa: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima shamba huhesabiwa kuwa mchango. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mmoja aonyeshe mchango wake.

KOSA LA 4: Samansi kumfikia mtu asiye yeye

Korti haiwezi kumhukumu mtu ambaye hakuarifiwa. Kumwachia shemeji barua hakutoshi. Samansi ipelekwe na mtu anayeruhusiwa na korti, na baadaye aape kwa maandishi kwamba ameifikisha. Kama mwenzako hapatikani, omba ruhusa ya korti atafutwe kwa njia nyingine, kwa mfano tangazo la gazeti. Hatua hii ikirukwa, hata ukishinda, hukumu inaweza kufutwa na muanze upya.

KOSA LA 5: Kwenda bila hesabu

Kusema "ananinyima" hakutoshi. Hakimu atauliza: mahitaji yako ni kiasi gani, na mwenzako ana uwezo gani? Beba cheti cha ndoa, risiti za hospitali na dukani, orodha ya M-Pesa, na chochote kinachoonyesha kazi au biashara ya mwenzako. Wewe unayeandika akiba ya kikundi kila wiki hushindwi kuandika matumizi ya nyumba yako.

KOSA LA 6: Kutegemea karatasi ya chifu, au kukosa tarehe

Makubaliano mbele ya chifu au wazee ni mema, lakini chifu hatoi talaka, na karatasi yake si amri ya korti. Kama mmepatana, peleka makubaliano hayo kortini yaandikwe. Na tarehe ya kesi usiikose, maana kesi inaweza kutupwa kwa sababu hukufika. Ukiwa mgonjwa, julisha rejistri mapema. Na baada ya amri kutolewa, mambo yakibadilika, kama kupoteza kazi, rudi kortini uombe amri ibadilishwe. Usiache kulipa kimya kimya.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Kila mwanachama atafute cheti chake cha ndoa mwezi huu na kuweka nakala mahali salama. Wa ndoa za kimila waulize namna ya kuziandikisha kwa msajili.
2. Mwanachama mwenye kesi asiende kortini peke yake. Mmoja amsindikize na kumwandikia tarehe.
3. Asiye na pesa za wakili aulize kuhusu msaada wa serikali chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au aende FIDA Kenya au Kituo cha Sheria.
4. Palipo na kipigo, usalama kwanza. Usimrudishe mtu nyumbani kwa ajili ya kupatanishwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

Ni kosa gani kati ya haya 6 linaonekana zaidi kijijini kwetu? Mama Kanini akija leo kwa kikundi chenu, mtamwambia aanzie wapi? Je, sisi tunatunza siri ya mwenzetu, au tunaipeleka sokoni?