Mtoto wa shemeji ndiye fundi wa sola, nifanyeje?

Niko kijijini wilayani Urambo, nguzo za umeme hazijatufikia. Mwaka juzi tulimwita fundi kutoka mjini akatufungia sola: paneli mbili, betri moja, inveta, na friji ndogo ya kuuzia soda na maji. Haikupita miezi minane friji ikaanza kuzima usiku, na sasa hata taa hazifiki asubuhi. Fundi alikuja mara moja, akasema betri imechoka tununue nyingine. Tangu hapo simu yake haipatikani. Tumejichanga tuanze upya. Mume wangu anataka kazi apewe mtoto wa kaka yake aliyemaliza VETA mwaka jana. Mimi naogopa: kitu kikiharibika nitamdai nani, mtoto wa nyumbani? Kampuni moja ya Tabora mjini nayo inataka tulipe pesa yote kabla hawajaleta hata msumari. Nisaidie. — Mama Soda, Urambo

Pole kwa hasara, mama.

Habari za shemeji tutazifikia. Kwanza hiyo betri moja, maana imenieleza mengi kuhusu fundi wako. Hukuandika ukubwa wake, lakini nikichukulia ni ile ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ambayo wengi hufungiwa, inabeba wati-saa 1,200. Betri hizi za risasi na asidi hazitaki kutumika zaidi ya nusu, kwa hiyo zako ni 600. Friji ndogo inayofunguliwa kila mteja anapofika inaweza kumaliza hizo peke yake kwa siku, na zaidi. Bado taa, bado simu za watoto. Betri ilikuwa inakamuliwa mpaka mwisho kila usiku. Fundi alipokwambia imechoka alisema kweli. Ila hakukwambia nani aliyeichosha.

Basi atakayekutajia bei kabla ya kuhesabu, mpe maji ya kunywa umuage. Fundi wa kweli ataomba kuiona friji na kusoma kibati chake cha nyuma. Atauliza taa ngapi zinawaka kwa saa ngapi, mwaka ujao unafikiria kununua nini, na zile siku za masika jua lisipoonekana unategemea kuuza nini. Atatoka nje kutazama kivuli cha mwembe kinaangukia wapi saa tisa alasiri. Na haya yote atayaandika.

Akimaliza, mwombe akupeleke kwa mteja wake. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu kila fundi ana nyumba yake moja ya kuonyesha wageni. Wewe omba nyumba ambayo kitu kiliwahi kuharibika. Muulize mwenye nyumba: ulipompigia alikuja baada ya siku ngapi? Alikuja mwenyewe au alituma mtu? Alidai nini? Anayejisifu kwamba kazi zake hazijawahi kuharibika, ama ameanza juzi ama anakudanganya.

Ukiwa hukohuko, fumbua macho. Tazama waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta. Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kwenye volti 12 inavuta ampea zaidi ya 80, hivyo waya huo uwe mnene na mfupi, na pawe na fyuzi karibu kabisa na betri. Ukiona waya mwembamba kama wa taa, rudi nyumbani. Muulize pia kama swichi zilizofungwa upande wa betri ni za DC. Swichi ya umeme wa kawaida ikikata DC, cheche yake haizimiki kirahisi, na nyumba zimeungua hivyo. Betri isiwekwe kwenye chumba cha kulala, maana hizi za kuongezwa maji hutoa gesi inayoshika moto zinapochajiwa. Juu ya bati, paneli zielekee kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta. Ziinamishwe kidogo mvua izioshe vumbi, na ziachiwe nafasi hewa ipite chini yake. Leseni nayo muulize. EWURA ndiyo inayotoa leseni za mafundi wa kufunga umeme, na cheti cha VETA peke yake si leseni.

Sasa kampuni ya Tabora. Kulipa yote kabla, kataa. Na jina kubwa lisikutie usingizi: Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi hapa Tanzania, iliishiwa fedha mwaka 2019 mpaka ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Kubwa nazo huanguka. Kwa hiyo taka vifaa ambavyo fundi mwingine yeyote anaweza kuvishika na duka la Tabora au Mwanza linaweza kuviuza. Taka pia namba za siri za inveta na kontrola ziandikwe kwenye karatasi yako. Wapo mafundi wanaozificha ili usiweze kumwita mwingine. Vifaa vinunue mwenyewe dukani ukiwa pamoja na fundi, risiti iwe na jina lako na namba za vifaa, kwani bila risiti hakuna waranti. Ufundi ulipe kwa mafungu, na fungu la mwisho litoke baada ya kuuza soda za baridi mwezi mzima.

Wakikutajia betri ya lithiamu, wasikilize. Bei ya mwanzo inauma, lakini inakuruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi ya umeme wake na inaishi miaka mingi kuliko hizi za asidi. Kwa mwenye friji ya biashara, mimi ningesubiri miezi michache nijichange nifike huko, mradi kontrola na inveta ziwe za kuendana nayo.

Kuna jambo ambalo wateja hatupendi kulisikia. Tunamlipa fundi siku ya kufunga tu, halafu tunashangaa hapokei simu. Kwake kila simu yako ni safari ya bodaboda, mafuta juu yake na siku nzima bila ujira. Ukitaka fundi wa miaka 10, mlipe kurudi. Kubalianeni kwa maandishi aje mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, akaze nati, apime betri na kusafisha paneli, kwa ada inayojulikana. Atakayekataa kulipwa kuja, huyo hana nia ya kuja.

Kuhusu kijana wenu, uamuzi wangu ni huu: asifunge, asaidie. Hajapata bado mteja ambaye kitu kilimharibikia, na si vizuri wa kwanza awe mama yake mdogo. Fundi mzoefu amchukue kama msaidizi kwa posho mtakayotoa ninyi, aone kila waya unakopita, kisha yeye ndiye awe anasoma volti za betri kila wiki na kumpigia mkubwa wake mapema. Shemeji yako aambiwe na mumeo, si na wewe. Na baba watoto akisema kijana anaweza, mpe kijana karatasi na kalamu akupigie hesabu ya friji yako leo jioni, mbele yenu wote wawili.

Betri ya zamani usiitupe shimoni wala usiwaachie watoto wachezee, ina risasi ndani na risasi ni sumu. Wapo wanaonunua betri mbovu. Ulizia dukani kabla ya kulipia mpya, huenda wakakupunguzia bei.