SOMO: Tuyazuie Maji Yasibebe Udongo Wetu



Leo tujiulize: ni nini kinachoharibu udongo na maji hapa Gataka na Kajiado kwa jumla? Ni hali ya hewa, ama ni sisi wenyewe? Ni vyote viwili. Lakini mvua hatuwezi kuiamrisha. Mikono yetu twaweza.

Hali ya hewa

Tunangojea mvua mara mbili kwa mwaka: ile ndefu ya Machi hadi Mei, na ile fupi ya Oktoba hadi Desemba. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, na mifugo wengi wakafa. Kisha mwaka wa 2024 mafuriko yakaingia manyumbani Kitengela. Utadhani hizi ni shida mbili. Kwa udongo ni moja: ardhi iliyo uchi na ngumu hainywi maji. Mvua inateremka mbio, inabeba udongo wenye rutuba, na baada ya siku chache ni kukavu tena.

Mkono wa binadamu

Zamani wafugaji walihama, nyasi zikapumzika. Karibu na boma walitenga olopololi, malisho ya ndama. Siku hizi ranchi nyingi za vikundi, zilizotokana na sheria ya 1968, zimegawanywa zikawa mashamba na ploti. Ng'ombe hana pa kuhamia. Tunakata miti ya makaa, tunachota mchanga mitoni, na maji ya paa tunamwelekezea jirani wa chini. Hapo ndipo korongo huanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tufanye nini?

1. Tuanzie juu. Maji hayajui mpaka wa ploti. Ukichimba chini peke yako, maji ya juu yatabomoa kazi yako. Wenye mashamba ya mteremko mmoja wapange pamoja.

2. Fanya juu. Pimeni usawa kwa fremu ya miti yenye umbo la A. Chimbeni mtaro wa futi mbili upana na kina, udongo mkiutupa upande wa juu. Pandeni nyasi kwenye tuta. Jirani zetu wa Machakos walilazimishwa na mkoloni kuchimba matuta, wakachukia. Baadaye walichimba kwa hiari, kwa vikundi vya mwethya, na mashamba mengi yakapona.

3. Nusu mwezi. Kule Kuku, Kajiado Kusini, wafugaji wamechimba vishimo vya nusu mwezi, tuta likiwa upande wa chini, maji yakae na nyasi ziote. Mifugo wasiingie mpaka nyasi zishike.

4. Maji ya paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 5 kwa 8, mvua ikiwa milimita 25, litateremsha lita 1,000. Hayo ni madebe 50! Ingawa kidogo hupotea, mengi yaweza kuwekwa.

Yusufu kule Misri aliweka nafaka wakati wa shibe. Sisi tuweke maji wakati wa mvua.

Maswali ya kujadili

- Korongo lililo karibu nasi lilianzia kwa nani, na maji yake yatoka wapi?
- Nani yuko juu yetu ambaye hatujamwalika kikundini?
- Kabla ya mvua ijayo, tutachimba wapi kwanza, na siku gani?