Kidaka Kilicho Tupu: Magofu ya Pate na Usomaji wa Al-Inkishafi

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa maana ya neno kidaka, aghalabu hukimbilia mnazi. Kidaka, atasema, ni nazi ikiwa changa mno, kabla haijawa kitale wala dafu. Jibu hilo ni sahihi, ila halimfai kitu anapozifikia beti za Al-Inkishafi zinazosawiri kuanguka kwa mabwana wa Pate. Humo zidaka, kwa wingi wa Kiamu, ni vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu katika ukuta wa nyumba ya mawe, ambamo wenye nyumba waliweka vyombo vya kaure kutoka Uchina. Mtunzi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anavionyesha vikiwa vimegeuka viota vya ndege. Asiyewahi kukiona kidaka huipokea huzuni ya ubeti kwa kuambiwa tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba vivutio vya visiwa vya Lamu, ambavyo hutajwa sana katika vitabu vya utalii na kwa nadra katika madarasa ya ushairi, ni sehemu ya matini zenyewe.

Pa kuanzia ni Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wageni wengi huridhika na ngome iliyokamilishwa mwaka 1821, na makumbusho ya ufukweni zinamohifadhiwa siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu. Mwanafunzi wa fasihi hana budi kuongeza nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kufanywa makumbusho ya maisha ya Waswahili. Mpangilio wake una mantiki. Nje kuna daka, kibaraza cha mlangoni ambapo mwenye nyumba huzungumza na wapita njia. Mgeni wa kiume ana chumba chake, sabule, asije akachanganyika na watu wa nyumbani. Baada ya kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, hufuata misana, kisha ndani. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake hutegemea urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari. Kila hatua kutoka mlangoni humwingiza mtu katika faragha zaidi, na ukuta wa ndani ndio uliopambwa kwa zidaka kuliko kuta zote.

Hapo ndipo ubeti unapobadilika maana. Mshairi hamwonyeshi msomaji mali iliyopotea tu. Anamwingiza mahali ambapo mgeni hakuruhusiwa kufika. Ndege wa mwitu wamepita daka na misana bila kubisha hodi, wakatua palipokuwa patakatifu pa nyumba. Maangamizi yanayosimuliwa ni ya mali na ya sitara pia, na pengine hili la pili ndilo zito zaidi kwa jamii iliyojenga nyumba za namna hiyo.

Pate yenyewe haifikiki kwa urahisi. Chombo kutoka Lamu hutia nanga Mtangawanda, na safari hufuata maji kujaa na kupwa. Kijiji kingali na watu, na kando yake yamesimama magofu ya mji wa Wanabahani, katikati ya mashamba ya tumbaku. Pate na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na Walamu katika vita vya Shela, takriban mwaka 1812, na nguvu za mji huo hazikurudi tena. Katika kuta zilizobaki, lipu ya chokaa na matumbawe huliwa na mvua, na mizizi ya miti hupenya na kupasua. Ukuta ukianguka, neno nalo hupoteza shahidi. Kamusi inaweza kuandika kwamba kidaka ni shubaka. Haiwezi kuonyesha jinsi mwanga unavyokiingia, wala kina chake kinavyotosha bakuli moja.

Takwa, katika kisiwa cha Manda, ni rahisi zaidi kwa kundi la wanafunzi, mradi waingie mkondo wa mikoko maji yakiwa yamejaa. Kaburi lake la mnara lina tarehe inayolingana na mwaka 1681 au 1682. Lakini mwenye siku ya ziada ni heri aitumie Siyu, penye ngome ya enzi za Bwana Mataka, aliyempinga Seyyid Said katika miaka ya 1840. Mkewe, Mwana Kupona binti Msham, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, na utendi huo unahusu nyumba ingali na watu: namna ya kumpokea mume, kuzungumza na kunyamaza, kutandika na kufukiza. Ukisomwa baada ya Al-Inkishafi, papo hapo kisiwani Pate, chumba kilichokuwa kitupu kwa Sayyid Abdalla hupata tena sauti ya mama akimwita binti yake aketi karibu, na wino na karatasi.