Tela la Kwenda Kisaki

Ukitaka kununua tela la kambi la kukokota kutoka Morogoro hadi Kisaki, uingie Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa lango la Matambwe, anza kulikagua kwa kuinama. Kitanda na jiko utaviona baadaye; barabara ya Matombo na Mvuha haina habari navyo.

Springi ziwe zile za mabamba yaliyopangwa, kama za lori. Hurusha mzigo, kweli, lakini bamba likikatika fundi wa malori atapata la kuweka. Springi za hewa huku ni kujitafutia makubwa.

Kinachoua matela mengi ni beringi. Kwa mwendo mrefu kitovu cha gurudumu hupata moto. Ukiingia ghafla kwenye kijito kinachoshuka Milima ya Uluguru, kitovu kinapoa, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Grisi inageuka uji mweupe, na haichukui muda gurudumu linaanza kulia. Kwa hiyo simama kabla ya kuvuka, vitovu vipoe nawe upime kina. Ukifika kambini, sogeza kiganja kwenye kila kitovu: kilichozidi wenzake joto kifunguliwe. Chagua ekseli inayotumia beringi na sili za Hilux, maana hizo hazisumbui kupatikana mjini.

Magurudumu yafanane na ya gari ili tairi la akiba lifae kote. Hesabu nati: Hilux nyingi zina 6, Land Cruiser mkonga za sasa zina 5. Pima pia upana kutoka gurudumu hadi gurudumu. Masika, Machi hadi Mei, malori huchimba mifereji kwenye matope. Tela lisilofuata njia ya gari hujichimbia yake na kulivuta gari nyuma.

Mzigo mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukilundikwa nyuma, tela litayumba. Kuhusu breki, Ulaya tela lisilo nazo haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo. Kwa miteremko ya Uluguru, mimi ningezitaka hata chini ya uzito huo, na bado ningeshuka kwa gia namba moja.

Kabla ya kulipa, lipakie, livute kwenye barabara ya vumbi, kisha rudi chini yake na tochi utafute nyufa palipochomelewa, hasa mkono wa kukokotea unapokutana na fremu. Muuzaji akikataa, mwachie tela lake.